Esha Wawili na Kanisa la Ng'ambo

Majirani zetu wapya hapa Mandawa wametoka kanda ya Ziwa na ng'ombe wao, na ni Wakatoliki. Wiki iliyopita padri alikuja kuwasomea misa uani kwao, maana kanisa liko mbali na mama mkwe wa nyumba ile hawezi kupanda pikipiki. Mimi nilikuwa upande wangu wa ua napepeta ufuta. Walipoimba niliendelea kupepeta, padri alipohubiri niliendelea, lakini upepo ulipogeuka ukaniletea moshi wa ubani uliochanganyika na harufu ya zizi, ungo ukanishinda. Nikakaa chini na ufuta mapajani, mtu mzima na akili zangu, nikawa tena na miaka minane, nimesimama peku kwenye sakafu ya baridi, nasubiri kuachwa.

Kwetu ni Naipingo, Nachingwea, na jina langu Esha. Nyumbani ni Wamakua, na kwetu jina haliokotwi tu, lina mwenyewe. Mtoto akipewa jina la mtu anapewa na kiti chake. Mimi nilipewa jina la dada yake Bibi Salima, mama wa mama yangu, kwa hiyo Bibi hakuniita mjukuu hata siku moja. Aliniita dada. Asubuhi akinikuta napiga mswaki anainama kabisa, "Shikamoo, dada," nami naitikia "Marahaba" na povu mdomoni, watu wanacheka. Hata mama alikuwa akiniita mama mkubwa. Ukubwa wangu ulidumu mpaka saa ya kuosha vyombo, hapo kila mtu aliusahau.

Habari za huyo Esha wa kwanza nilizijua vipande vipande. Wazee walikuwa wakiishi ng'ambo ya Ruvuma, vita vikaja, wakakimbia. "Tukavuka mto. Esha akabaki misheni," Bibi alikuwa akisema, kisha anashika jembe au anaanza kugombeza kuku. Hadithi haikuwahi kuendelea mbele ya hapo. Hitma yake haikusomwa, kwa sababu hakuna aliyejua kama amekufa, na mlangoni hakuna aliyemtazamia, kwa sababu hakuna aliyejua kama yu hai. Alikuwa katikati, na huko katikati ndiko jina langu lilikotoka.

Kisha akaja fundi cherehani mmoja, Mmakua wa kule kule ng'ambo, aliyefuata vitambaa Nachingwea mjini. Akasimulia barazani kwa watu kwamba huko kwao, kwenye kanisa la zamani la misheni, yupo mama anayefagia kanisa ambaye kila akimwona mtu aliyetoka Tanzania humuuliza, "Humjui Salima? Ana kovu kidevuni." Habari ilitembea kutoka mdomo hadi mdomo ikafika Naipingo siku ya pili. Bibi alikuwa anamenya mihogo. Aliguswa na kisu, damu ikatoka, akaendelea kumenya.

Wakati ule Bibi hakuwa kizee, nisije nikamzeesha bure. Alikuwa analima ekari yake ya mtama na bado anatukimbiza kwa fimbo. Lakini jioni ile alikaa mkekani kama mtu aliyeshushwa garini mahali asipopajua. Akamwambia mama yangu, "Nitakwenda. Na Esha nitampeleka." Mama akanitazama. Machozi yakamlenga, akainuka akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Sasa niwaeleze nilivyoelewa, na wenzangu mliokua miaka ile mtanielewa. Naipingo kulikuwa na duka moja la soda. Ukitaka soda sharti uende na chupa tupu. Usipokuwa na chupa, hata uwe na pesa mkononi, utarudi na kiu yako. Kwa akili yangu ya miaka minane dunia nzima ilikwenda hivyo. Walikuwa wameacha Esha misheni, sasa wanataka kumchukua, na mtu hawezi kwenda kuchukua Esha mikono mitupu. Ndiyo maana walinipa jina lile tangu nazaliwa. Nilikuwa natunzwa kama chupa.

Kila kitu kilithibitisha. Mama alinisuka nywele vizuri kuliko siku ya Idi. Nilishonewa gauni jipya, nikanunuliwa kandambili zangu mwenyewe zisizopita kwa mtu mwingine kwanza. Watu hawanunulii mtoto vitu hivyo bila sababu. Binamu yangu Fatu, mwenye miaka sita, naye aliambiwa atakwenda, kwa kuwa mama yake alikuwa amejifungua na Fatu alikuwa mtundu wa kuangusha nyumba. Hilo nalo nililielewa: Fatu anakwenda ili Bibi apate mtoto wa kurudi naye. Sikulia na sikumwambia mtu. Nilimwita Fatu nyuma ya ghala nikamkabidhi kuku wangu mweupe, nikamweleza anavyopenda pumba zake. Fatu aliuliza kwa nini, nikamwambia mimi nimekua.

Safari naiona sasa kama mtu anavyoona vitu akiwa na homa, vingine vikubwa mno, vingine havipo kabisa. Basi la Masasi silikumbuki. Nakumbuka gari dogo la mizigo lililotufikisha mtoni, na vumbi jekundu kwenye kope za Bibi. Nakumbuka mtumbwi, maana siku zile hatukupita darajani, na maji ya kahawia yakipita karibu sana na kiwiko changu, na mpiga kasia aliyekuwa akitafuna muwa kama vile hakuna viboko duniani. Bibi alifumba macho tangu tulipoingia mpaka tulipogusa mchanga. Nilidhani anaomba dua. Upande wa pili tulilala kwa watu, tukapanda lori lililojaa magunia, na mchana mmoja miti ikaachana mbele yetu, kanisa likasimama peke yake kwenye uwanja mweupe.

Kwetu Nachingwea yapo makanisa, lakini sikuwahi kuona jengo kama lile. Lilikuwa refu la matofali mekundu, kuta zake nene kiasi kwamba dirishani angeweza kulala mtu. Ukutani kulikuwa na matundu mengi madogo ya risasi, mijusi imehamia humo na watoto wake. Kengele ilining'inia juu, na njiwa walikuwa wakiingia na kutoka kama wana shughuli zao. Nikajiambia, Esha, hapa ndipo kwako. Nilijaribu kuchagua dirisha la kulalia.

Mlango ulikuwa wazi na ndani hapakuwa na mtu. Bibi alisita. Alikuwa mtoto mdogo sana alipopaacha mahali pale, na katika maisha yake ya kuswali vipindi vitano hakuwahi kuingia kanisani. Lakini nyumba ya ibada ni nyumba ya ibada, na adabu anaijua. Akavua ndala zake, akatuamuru tuvue. Akatufunga vizuri mitandio. Kisha akaona pale mlangoni bakuli kubwa la jiwe limejengewa ukutani, lina maji safi, na uso wake ukatulia.

"Hata wao wanatawadha," alisema. "Haya, njooni."

Tukatawadha. Bibi alichota kwa kiganja, akaosha mikono, akasukutua, akapanga kila kitu kwa utaratibu wake bila haraka. Kisha akatuosha sisi. Maji yenyewe kidogo, na mimi vumbi la safari lilikuwa limenipanda mpaka magotini. Alipofika miguuni mwa Fatu bakuli lilikuwa limebaki na tope. Kidimbwi cha maji mekundu kilikuwa kinaingia taratibu ndani ya kanisa.

Mimi macho yangu yalikwisha kutangulia ndani. Moshi mwepesi ulikuwa umeelea juu ya mabenchi, na harufu yake ilikuwa ubani, ubani ule ule ambao Bibi huuchoma nyumbani Alhamisi jioni. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Nilitegemea ng'ambo kunuke vitu vya ng'ambo. Jua lilikuwa linapita kwenye vioo vya rangi, sakafu imekuwa nyekundu hapa, ya bluu pale, na Fatu alipochupa ndani na miguu yake mibichi uso wake ukageuka kijani. Alijisugua mashavu, akaona rangi imehamia mkononi, akaanza kuikimbia.

"Bibi!" alipiga kelele akionyesha juu ya altare. "Yule kafanya nini mpaka wakamfunga vile?"

"Nyamaza, we Fatu. Wanasema ni Nabii Isa."

"Na yule mama?"

"Bi Mariamu huyo. Msalimie upite."

Fatu akamwamkia. Ndipo mwanamke akatokea mlango wa pembeni, fagio mkononi, kitambaa cheupe kichwani. Akaona ndala jozi tatu zimepangwa mlangoni, akaona tope, akaona bakuli. Akaja mbio akisema kwa Kimakua, lugha niliyoielewa vizuri kwa kuwa ndiyo Bibi aliyotugombezea nyumbani.

"Mmefanya nini? Mmefanya nini hapa? Hayo ni maji ya baraka! Padri ameyabariki!"

"Basi ndiyo vizuri zaidi," Bibi alijibu kwa lugha ile ile, huku anajifuta uso kwa ncha ya kanga.

Mwanamke alisimama. Uso wa Bibi ulikuwa mbichi bado, vumbi limetoka, na kovu la kidevuni lilikuwa linang'aa kama limechorwa asubuhi ile. Fagio lilianguka. Nilitegemea wakumbatiane, kwa sababu ndivyo watu wanavyofanya vituo vya mabasi. Hawakukumbatiana. Walitazamana kwa umbali wa mabenchi mawili, na njiwa mmoja akapita katikati yao akitafuta njia ya kutokea.

"Esha," Bibi aliita.

"Esha hayupo hapa. Mimi naitwa Madalena." Sauti yake haikuwa kali, na hilo lilinitisha zaidi. "Waliokuwa wakimwita Esha walivuka mto. Ningekuwa namwitikia nani?"

Bibi akanishika mabega akanisukuma mbele, mpaka nikaingia kwenye ile rangi nyekundu ya sakafuni.

"Esha huyu hapa," alisema. "Jina lako hatukulitupa. Nimekuletea."

Nimekuletea. Nilijua saa imefika. Nilikuwa nimepanga kwamba ikifika nitakimbilia msituni, nilikuwa hata nimeficha kipande cha muhogo kwa ajili hiyo. Lakini nilipogeuka kumtazama Bibi, nilimwona analia. Sikuwahi kumwona Bibi akilia, hata siku babu alipozikwa. Machozi yalikuwa yakishuka mpaka kwenye kovu. Niliogopa kuachwa, na wakati ule ule nilitaka machozi yale yakome. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa, "Bibi, mchukue tu. Mimi nitabaki."

Nilimaanisha kweli. Na kweli nilitumaini mtu atakataa.

"Abaki wapi?" aliuliza yule mwanamke.

Nikaeleza. Nilieleza habari za soda na chupa, na kwamba nimekwisha kumpa Fatu kuku, na kwamba naweza kufagia, na dirisha lile la tatu linanitosha. Fatu alithibitisha kwamba kuku ni kweli kapewa. Kisha mwanamke akacheka, na kicheko kilikuwa cha mama yangu mzazi, kile kile kinachoanzia puani. Kikakatika katikati. Akakaa kwenye benchi la karibu.

"Nani amemwambia mtoto maneno haya?"

"Hakuna," Bibi alisema. Naye akakaa, si benchi moja naye, benchi la nyuma yake, akawa anazungumza na kisogo cha dada yake. "Hakuna aliyemwambia. Lakini hajakosea sana."

Ndipo hadithi iliyokuwa ikiishia mtoni ikaendelea. Sisi watoto tulikaa sakafuni, hakuna aliyetufukuza. Bibi alisema kwamba siku ile waliachwa wote wawili. Mama yao alikuwa na mimba kubwa, njia ilikuwa ndefu, wakaonelea wawaache watoto kwa masista mpaka mapigano yatulie. Waliachwa pale pale mlangoni, wakiwa wameshikana mikono, mmoja ana miaka minane, mwingine hajafika mitano.

"Mimi nililia," Bibi alisema. "Nililia mpaka baba akarudi kutoka kule mitini. Akaninyanyua akaniweka mabegani. Wewe hukulia, dada."

"Niliambiwa mimi mkubwa. Mkubwa halii."

"Ungelia angerudi tena."

"Angetubeba wote?"

"Sijui," Bibi alisema. "Miaka yote hii, nikilima, nikila, sijui. Nilichukuliwa kwa sababu ya kelele zangu tu."

Nilikuwa namtazama yule mwanamke nikihesabu kimoyomoyo. Miaka minane ni mimi. Niliona mlango ule mkubwa, nikajiona nimesimama pale, baba anarudi anambeba Fatu, mimi nimebana midomo. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani kumhurumia mtu mzima, na sikujua huruma ile niiweke wapi. Nilikwenda nikachukua fagio nikaanza kufagia lile tope. Nililieneza zaidi. Alinitazama kidogo, kisha akanivuta, akanipakata, mkubwa mimi na miguu yangu mirefu, akazinusa nywele zangu zilizosukwa.

"Somo yangu," alisema. "Hakuna anayekuacha hapa. Umesikia?"

Nilisikia. Kuamini kulichukua muda zaidi.

Tulikaa kwake siku nne, nyumba ndogo nyuma ya kanisa, na siku zile zimeingiliana kichwani mwangu mpaka sijui ipi ilitangulia. Kuna asubuhi alituacha tuvute kamba ya kengele, kamba ikatunyanyua mimi na Fatu juu kutoka ardhini tukiwa tunacheka. Kuna jioni Bibi alitandika mkeka wake akaswali uani, na dada yake akakaa kizingitini na tasbihi yake ya Kikatoliki, midomo yao ikitembea pamoja. Fatu aliniuliza nani atakayemaliza kwanza. Kuna wajukuu wake waliotufundisha kuhesabu Kireno mpaka tano. Nilikula maembe makavu. Nililala katikati ya wale wanawake wawili, nikiwasikia wakiulizana habari za watu waliokufa zamani kama wanaulizana bei ya chumvi.

Bibi alimwomba arudi naye Naipingo. Alimwomba akipika, alimwomba akimsaidia kuosha nguo za altare. Kila mara jibu lilikuwa lile lile, la upole. Mume wake amezikwa pale. Watoto wake wako pale. Kanisa litafagiwa na nani? "Salima, nilikusubiri nikiwa mdogo," alisema siku moja, akining'iniza kitambaa cheupe. "Nikasubiri mpaka nikaota mizizi. Sasa mti ukishaota unaubeba vipi?" Bibi hakumwomba tena. Lakini alikonda siku ile ile, naapa, mbele ya macho yangu.

Lori la kurudi lilipita asubuhi ya tano. Mimi nilikuwa wa kwanza kupanda, nikajichimbia katikati ya magunia ya maharage, nikashika kamba ya turubai kwa mikono miwili. Pamoja na ahadi zote, nilikuwa nahesabu watu. Fatu akapandishwa. Bibi akapanda, akivutwa na kondakta huku na kusukumwa na dada yake kule. Sote watatu. Moyo wangu ukashuka mahali pake, na aibu ikaingia hapo hapo, kwa sababu nilifurahi.

Bibi Esha alirudi akasimama mlangoni pa kanisa, si barabarani. Alikuwa amesimama wima, mikono mbele, midomo imebanwa, mtu mkubwa. Nilimpungia. Naye akapunga kidogo. Lori likanguruma, likaanza kujongea, vumbi likapanda, nami nikaona uso wake unabadilika. Kwanza kidevu. Kisha akafungua mdomo, na sauti iliyotoka humo haikuwa ya mtu mzima. Alilia kama mtoto aliyepotea sokoni, mdomo wazi, kamasi, mikono imenyooshwa mbele, bila kujali padri wala watu waliotoka majumbani kutazama. Njiwa wote waliruka.

Bibi alikuwa amelipa kanisa mgongo, kama alivyofumba macho kule mtoni. Aliposikia sauti ile aligeuka. Akaanza kupiga bodi la lori kwa viganja, mbele, ubavuni, popote mkono ulipofika. "Simama! Dereva, simama! Simama we!"

Lori likasimama. Dereva akatoa kichwa nje, akauliza kwa hasira kama tunaenda au hatuendi, ana safari ndefu. Bibi alikuwa chini tayari, anakimbia peku.